Gurudumu Lisilo na Vumbi

Jumatano ya pili ya mwezi wa saba, kabla ya adhana ya adhuhuri, Mzee wa Magunia alifariki nyumbani kwake hapa Misigiri. Alasiri alikuwa ameshazikwa. Katika siku hizo hizo ilipotea pia brashi yake ya katani. Naandika vyote viwili pamoja kwa sababu kwangu vilipotea pamoja, ingawa najua havilingani. Mtu hatarudi. Brashi huenda ipo mahali, kwenye nyasi za kando ya njia, au mtu ameiokota na anafagilia nayo jiko.

Sikwenda makaburini. Wanawake tulibaki uani na mjane wake, tukipika na kupokea watu, kwa hiyo sitaeleza namna alivyoshushwa kaburini. Sikuona. Nitaeleza niliyoyaona kwa miaka tisa nikiwa na meza ya chai hatua chache kutoka alipofanyia kazi, na baadaye nikiwa nimepiga magoti pembeni yake chini ya malori.

Jina lake siliandiki. Pale barabarani hakuna aliyelitumia. Madereva walimwita Mzee wa Magunia, na wakiwa na haraka wakasema Magunia tu.

Kazi yake ilikuwa kuosha magurudumu ya malori. Lori zima hakuosha. Ukimletea gari akuoshee bodi, alikuelekeza kwa vijana wa mbele wenye mashine ya maji. Yeye alikuwa wa magurudumu, na hasa wa lile vumbi jeusi la breki linaloganda kwenye ringi mpaka nati hazionekani vizuri. Asiyelijua hudhani ni uchafu wa barabarani. Kumbe linatoka ndani ya gari lenyewe. Dereva akikanyaga breki, viatu vya breki vinasugua dramu, lile duara la chuma ndani ya gurudumu, na kila vikisuguana vinaacha unga. Unga huo ni laini kuliko masizi, na una chuma ndani yake. Ukipata joto na mvua kidogo, unashika kama lami.

Na kwetu ndiko mahali pake. Malori yanayotoka Singida mjini na mzigo yakipita Misigiri, mbele yake kuna mteremko wa Sekenke, halafu Shelui na nchi tambarare. Madereva wengi husimama kwetu kula na kukagua gari kabla ya kushuka. Mzee alikuwa amejichagulia kiwanja cha changarawe ng'ambo ya barabara, na hapo alikaa na mapipa mawili ya maji, brashi na rundo la magunia ya katani.

Magunia ndiyo yaliyompa jina. Alikuwa akiyalowesha kwenye pipa, anayakamua nusu, kisha analivika kila gurudumu gunia lake, analichomeka kwenye matundu ya ringi, na kuliacha hapo kwa muda wa mtu kunywa chai na kumaliza andazi. Unga ukilowa hauruki. Unalainika kwenye gunia, na nusu ya uchafu unaondoka nalo. Ndipo alipochukua brashi. Brashi yenyewe aliitengeneza kwa nyuzi za katani na kipande cha mti, akaifunga kwa waya. Brashi ya waya hakuitaka, alisema inachubua ringi na kurusha vumbi.

Lori lililovikwa magunia magurudumu yote ni kitu cha kuchekesha, na madereva hawakuacha kucheka.

"Magunia, leo gari langu umelivika khanga?"

"Nimelivika kanzu. Linakwenda kuoa Nzega."

"Basi lipake na marashi."

"Marashi yake yapo chini ya mguu wako wa kulia. Yakiisha, harusi hakuna."

Meza yangu iliishi kwa hayo magunia, nakiri. Dereva anayesubiri gunia lilainishe anakunywa chai. Ndivyo tulivyojuana. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunasaidiana tu, yeye ananiletea wateja, mimi namlindia mapipa akienda kuswali. Nilikuwa sijui chochote kuhusu gari isipokuwa kupanda na kushuka.

Kabla hajagusa gunia, alikuwa na jambo moja alilolifanya kila mara, na nililiona kwa muda mrefu bila kulielewa. Alilizunguka lori lote mikono mitupu. Alichutama kwenye kila gurudumu, akapitisha kidole kimoja kwenye ringi, akakitazama kidole, akasonga mbele. Hakusema kitu mpaka amemaliza mzunguko. Hilo aliliita kuliamkia gari.

Kwetu mtu hapiti mbele ya mkubwa bila kumwamkia. Mtoto akisahau shikamoo anarudishwa mlangoni aingie upya. Mzee aliichukua adabu hiyo akaipeleka kwenye malori. Kuosha gurudumu kabla ya kulitazama, kwake, ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu ukapitiliza hadi chumbani.

"Mimi naliamkia, lenyewe linaitika," aliniambia siku nilipomuuliza. "Hili limeitika kavu, jeusi, sawasawa. Ni zima. Lile limeitika na unyevu, unga umekuwa kama ugali. Mafuta yanavuja ndani, sili ya kuyazuia imekufa. Na hilo la nyuma, njoo ulitazame."

Nikatazama. Lilikuwa safi kuliko yote. "Hilo mbona zuri?"

"Hilo halijaitika," akasema. "Wenzake wote wamepiga kazi, wamechafuka. Hilo limekaa tu. Halishiki."

Akamwita dereva. Dereva akaja anatafuna, akasema gari limetoka kukaguliwa juzi. Mzee hakubishana. Alikaa juu ya pipa na kusema hataliosha. Kama dereva anataka kwenda na vumbi lake, aende. Mwishowe utingo akaingia chini na spana, na kweli, breki ya gurudumu lile ilikuwa imelegea kiasi kwamba viatu havikugusa dramu. Waliikaza hapo hapo. Dereva alirudi mezani kwangu akaagiza chai ya pili.

Tangu siku hiyo nikaanza kutazama ringi za malori nikiwa mezani, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Alikuwa mkali kwa jambo jingine, nalo ni kupuliza. Kijana wa kuziba pancha, jirani yetu, alikuwa na kompresa. Kwa roho nzuri tu, siku moja alivuta mpira wa upepo mpaka kiwanjani akasema, "Mzee, unahangaika na maji ya shida. Ngoja nikupulizie hapa, dakika moja ringi inang'aa." Maji kwetu ni ya shida kweli. Yanakuja kwa mkokoteni, na miezi ya kiangazi mkokoteni wenyewe unasuasua.

Mzee akachukua gunia lililolowa na kulitupa juu ya mdomo wa ule mpira.

"Umepuliza ngapi leo?"

"Mbili tatu, mzee."

"Pua yako ikoje?"

Kijana akapangusa pua, akatazama vidole. Vilikuwa vyeusi.

"Vumbi hilo ukilipuliza halipotei," Mzee akamwambia. "Linahama. Linatoka kwa lori linakuja kupanga kwako, na kwako halina kodi, halitoki."

Alikuwa anajua anachokisema. Zamani alifanya kazi ya gereji mjini, maeneo ya Mandewa, na huko walipuliza dramu kwa upepo kuanzia asubuhi hadi jioni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya wezi. Kikohozi chake kilianzia huko, yeye mwenyewe aliamini hivyo. Mimi siwezi kusema ndicho kilichomuua. Daktari alisema mapafu, na hakuongeza. Na lazima niseme na upande wa pili: Mzee huyu aliyeogopa vumbi la breki kuliko nyoka alikuwa mtu wa ugoro. Kikopo kilikuwa kwenye mfuko wa shati, na baada ya kuwafokea watu kuhusu pua zao, alikaa juu ya pipa, akavuta, akapiga chafya tatu, macho yakamtoka machozi. Nilimwambia mara moja.

"Mzee, na huo?"

"Huu nimeualika mwenyewe," akajibu.

Mkewe alikuwa na kesi yake naye, ya maji. Pale kiwanjani Mzee alitumia maji bila kuhesabu, na nyumbani alikuwa bahili wa ajabu. Alioga kwa kopo moja. Mkewe akifua, alisimama juu ya beseni kama askari. Mama yule aliwahi kuja mpaka barabarani, akasimama mbele ya malori na ndoo mbili tupu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekuja kuwa gurudumu. Labda nami nitaoshwa." Madereva walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai. Mzee hakucheka. Alimjazia ndoo zote mbili, akazibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na lori likasubiri.

Pia hakupanda magari. Hili watu wengi hawakulijua. Mtu aliyeishi na malori, akiyajua mpaka ndani ya dramu, alikwenda kila mahali kwa miguu. Msiba ukitokea Kiomboi alitoka alfajiri na fimbo. Nilidhani ni ubahili mwingine.

Nilipojua sababu, nilikuwa nimeshaanza kumsaidia kazi. Mikono yake ilianza kukaza mwaka ule, hakuweza kukamua gunia vizuri, akaniomba niwe nakamua mimi. Kutoka kukamua nikafika kuvika, kutoka kuvika nikafika kwenye brashi. Watu walisema. Mwanamke chini ya lori, sketi juu ya suruali, uso mweusi kama wa mchoma mkaa. Dereva mmoja aliuliza kwa dharau, "Magunia, siku hizi umeoa kazini?" Mzee akamjibu, "Huyu ni mwanangu. Na ukimkosea adabu nitakuoshea mpaka breki zenyewe." Tangu hapo akaniita mwanangu moja kwa moja. Akiwa amekasirika aliniita Mama Pendo, jina ambalo watu wote wananiita, na mimi nilijua hapo nimeharibu.

Wiki ya kwanza nikiwa na brashi, niliharibu. Lori lilisimama, nikaona gurudumu la mbele limeganda vibaya, nikalirukia. Nilitaka aone bidii yangu.

"Mama Pendo."

Nikaacha.

"Umeliamkia?"

"Lilikuwa chafu sana, mzee, nikaona nianze..."

"Sikukuuliza lilikuwaje. Nimekuuliza umeliamkia?"

Akaninyang'anya brashi. Akakaa. Nikadhani atafoka, lakini alisema taratibu, akitazama barabara, na alisema mara moja tu katika miaka yote hiyo.

Alisema alipoanza kuosha hapa, baada ya kuacha gereji, alikuwa anaosha kama watu wengine. Lilikuja lori la vitunguu, limetoka upande wa Issuna. Dereva alikuwa kijana mcheshi, mwenye gari alikuwa anamsubiri mbele, akataka gari ling'ae. Mzee akaosha. Magurudumu ya kulia yalikuwa yameganda hasa, yalimtoa jasho. Upande wa kushoto akakuta mawili, karibu na mkia, hayana vumbi.

"Nikashukuru," aliniambia. "Nikasema haya yamenipunguzia kazi."

Lori lile halikufika Shelui. Lilipinduka kwenye kona ya chini ya mteremko. Yule dereva alifariki. Vitunguu vilitapakaa mpaka korongoni, na watu wa vijiji vya jirani waliokota siku mbili.

"Hakuna aliyeniuliza," Mzee akasema. "Polisi hawakuja kwangu. Nani anamuuliza mwosha magurudumu? Lakini mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuyaona, nikayaona, nikashukuru."

Kisha akanirudishia brashi na kusema, "Anza upya. Mbele kushoto."

Niliinuka nikaliamkia lile lori gurudumu kwa gurudumu, na alinifuata nyuma akiuliza kila moja limeitikaje.

Kuanzia hapo nilielewa kwa nini hakupanda magari, na sikumwona tena kama mzee wa masharti. Nilimwona kama mtu aliyeshika kitu kwa mikono yote miwili na hakutaka kiponyoke. Kulikuwa na vijana upande wa juu waliopaka ringi mafuta ya alizeti, yale mazito ya chini ya dumu. Ringi zao zilimeta kama sufuria mpya, na madereva wengine walituhama. Nilimwambia nasi tujaribu, hata kidogo. Alisema mafuta yanaita vumbi jipya likae haraka kuliko la kwanza, na tena mkono ukiteleza tone likaingia ndani, breki imekwisha. "Kung'aa hakusimamishi lori," akasema. Tulipoteza wateja, na wengine walirudi. Sitasema wote walirudi.

Mwanzoni mwa mwaka huu alishindwa kuja kiwanjani. Kifua. Alikuwa akitembea hatua ishirini anasimama, kana kwamba amesahau kitu. Mwezi wa tano akabaki nyumbani kabisa, nami nikabaki na magunia peke yangu. Brashi aliniachia. Kila jioni nilipitia kwake kumsalimia, na hata nikikuta amelala, mkewe aliniambia, "Ameuliza." Kuuliza kwake kulikuwa kumoja tu: yameitikaje leo? Nami nilimwelezea kama mtu anayesoma barua. Lori la saruji, mazima. La mahindi, sili moja imevuja, wamebadilisha. La nondo, moja halikuitika, dereva amebisha, kisha amekaza.

Siku tisa kabla ya kufariki kwake ilikuwa siku ya haraka. Malori matatu yalisimama pamoja, na dereva wa la kwanza hakutaka hata kuzima injini. Alikuwa na semi lenye shehena ya mifuko ya mbolea. Alisema ana foleni Nzega, akifika baada ya saa nane hatashushiwa mzigo. "Mama, ringi tu, fasta, nisionekane nimetoka porini." Upande wa kulia niliuamkia. Upande wa kushoto sikuuamkia. Nilikuwa na magunia mkononi, nikayavika moja kwa moja, magurudumu sita, nikarudi na brashi, nikaosha. Nilijua ninachokifanya. Sitasema nilisahau.

Lori likaondoka. Nilikuwa nakamua magunia kwa ajili ya la pili nilipoona pikipiki inaingia kiwanjani taratibu sana, na nyuma yake Mzee wa Magunia, amevaa koti zito na kitenge cha mkewe kimefungwa kifuani, amemshika dereva wa bodaboda kiunoni kwa mikono yote miwili. Miaka tisa sikuwahi kumwona juu ya kitu chenye injini.

"Shikamoo, mzee! Umepanda?"

"Marahaba. Nimepanda. Kaniendesha kama yai."

"Babu kanikataza gia ya pili," akasema yule kijana wa boda. "Tumepitwa na mbuzi."

Nikamsaidia kushuka, nikamketisha juu ya pipa lake. Alihema muda mrefu. Akatazama changarawe, maji meusi yalikuwa bado yanatiririka upande wa kushoto pale lori lilipokuwa.

"Limeondoka sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Limekwenda wapi?"

"Nzega."

"Kushoto limeitikaje?"

Ningeweza kumwambia limeitika kavu, sawasawa. Angeamini. Alikuwa mgonjwa, na lori lilikuwa limeshaondoka.

"Sijui, mzee," nikasema. "Kushoto sikuliamkia."

Hakuniita Mama Pendo. Hakuniita chochote. Alimgeukia yule kijana wa boda na kusema, "Mpeleke. Na sasa tia gia zote."

Nilipanda na aproni yangu ilivyo, imelowa. Sijui tulikwenda mwendo gani. Njiani nilikuwa nahesabu yale magurudumu sita kichwani, najaribu kukumbuka lililokuwa na vumbi na lisilokuwa nalo, na yote yalinijia meusi, na yote yalinijia meupe. Magunia yalikuwa yamefunika. Nilichoona ni magunia. Nilimwomba Mungu dereva yule apate haja ndogo, asimame.

Akawa ameipata. Juu kidogo ya mteremko, pale wanaposimama kujiandaa kushuka, lori lilikuwa limeegeshwa, na mwenyewe anatoka kwenye kichaka anafunga mkanda.

"Mama! Nimesahau nini?"

"Hujasahau. Mimi ndiye niliyesahau." Hapo nikajisahihisha. "Sikusahau. Sikuangalia breki zako za kushoto kabla ya kuosha. Naomba nizishike."

"Vumbi si umeshalitoa?"

"Ndiyo maana nataka kushika. Sogeza gari mbele, kanyaga breki, rudi, kanyaga. Mara tano. Breki inayoshika itapata joto, isiyoshika itabaki ya baridi."

Alitazama saa. Alinitazama mimi na kijana wa boda. Nilikwenda nikasimama mbele ya gari lake. Sikusema maneno makubwa, nilisimama tu, na nisingetoka.

"Magunia kakutuma," akasema.

"Kanituma."

Akapanda. Alisogeza, akakanyaga, akarudi, akakanyaga. Kisha nikaingia chini upande wa kushoto na kuanza mbele, kiganja changu karibu na dramu, moja baada ya nyingine. Dereva alichutama kunitazama.

"Mama, mbona unalipapasa gari langu kama lina malaria?"

"Nyamaza nisikie."

La kwanza moto. La pili moto. La tatu, la nne. La tano nilikaa nalo kidogo, nikabadilisha mkono, nikashika tena. Moto. La sita moto, sawasawa na wenzake. Nilirudia yote kutoka nyuma kwenda mbele. Yote yaliitika.

"Nenda," nikamwambia. "Ni mazima."

"Kwa hiyo umenichelewesha bure?"

"Ndiyo," nikasema. "Samahani, kaka."

Alitikisa kichwa, lakini kabla ya kupanda naye aliweka kiganja kwenye dramu ya mwisho, akakitoa haraka, akaondoka kwa gia ya chini. Tulisimama hapo mimi na yule kijana mpaka tulipoliona limetoka kwenye kona ya chini, dogo, linaendelea.

Nikarudi. Mzee alikuwa pale pale juu ya pipa, malori mawili yakimsubiri na madereva wake wakinywa chai waliyojimiminia wenyewe mezani kwangu.

"Yameitika yote, mzee. Yote sita. Nimekimbia bure."

"Ulipoondoka hapa ulikuwa unajua kuwa ni mazima?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Najua."

"Basi si bure. Bure ni hii chai yako, imekosa hata sukari."

Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshika. Nilimpa maji, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akaimimina kwenye pipa, asipoteze. Kisha akanyoosha mkono akaomba brashi. Nikadhani anataka kunionyesha kitu. Aliishika, akazipitisha nyuzi zake kwenye kiganja, akaitia kwapani chini ya koti.

"Hii naondoka nayo."

"Mzee, yako malori mawili hapa. Nitaosha na nini?"

"Utatengeneza nyingine. Ukitengeneza, usiiweke karibu. Iweke kule kwenye meza ya chai. Mkono wako ukiwa na brashi, macho hayatazami."

Yule kijana wa boda alimsaidia kusimama. Alipofika kwenye pikipiki hakupanda. Aliinama, polepole sana, akiwa ameshika kiti, akapitisha kidole kwenye ringi ya nyuma, akakitazama, akamwonyesha mwenyewe.

"Hii inashika," akasema. "Ya mbele sijui. Nenda kaitazame."

"Babu, nitaitazama nikifika."

"Sasa."

Kijana akazunguka mbele, akachutama, akatazama. Ndipo Mzee akapanda.

Mkewe anasema alifika nyumbani mikono mitupu. Kijana wa boda anasema hakuona kitu kikianguka.

Pikipiki ilipovuka barabara, dereva wa lori la pili aliinuka mezani akaniambia ana haraka. Nikamwambia anywe chai. Nikaenda kuliamkia lori lake, mbele kushoto kwanza, mikono mitupu.